Bunduki Iliyonukia Udi

Jumamosi. Ukungu tangu alfajiri, ukungu wa hapa Birmingham unaoshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Shajara yangu, leo sina haraka. Magharibi nimeswali, viatu nimevua, miguu nimeiegemeza kwenye hita, na sebule nzima inanukia udi. Mwili uko hapa nyumbani, Saltley. Roho bado imelala kifudifudi kwenye mkeka wa mpira, inatazama karatasi nyeupe kule mbali.

Leo nimepiga bunduki yangu mwenyewe.

Ngoja niiandike tena, maana sentensi hii naipenda. Leo nimepiga bunduki yangu mwenyewe. Mimi, mtoto wa Tanga niliyeishia darasa la saba, masomo mengine yote nikayamalizia kwenye majiko ya meli za mizigo. Mimi niliyepika ugali Rotterdam, nikagombana Santos na Mbrazili aliyetaka kunifundisha wali wa nazi. Vijana wa kinyozi pale Alum Rock Road wananiita Kapteni. Ukweli kwenye meli nilikuwa mpishi, lakini mtu akikupandisha cheo kwa hiari yake, utamkataza vipi?

Kabla watu hawajaanza kunipigia simu za wasiwasi: si bunduki ya vita. Nchi hii, bunduki inayojijaza yenyewe wanakuruhusu ya risasi ndogo tu, pointi ishirini na mbili wanaiita, risasi yenyewe haizidi kokwa ya tende. Unavuta kifyatulio mara moja, inatoka moja, halafu inajiwekea nyingine na kukungoja kimya kimya. Ina adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Na kuipata si kama kununua jembe. Nimekuwa mwanafunzi wa klabu kwa miezi na miezi, nikipiga bunduki zao zilizochoka, daktari akaulizwa habari zangu, majirani nusura waulizwe ninakoroma vipi. Mwisho akaja afisa wa polisi kukagua kabati la chuma nililolifunga ukutani kwa skrubu nene kama vidole.

Huyo afisa, dada mstaarabu, alikunywa chai yangu ya tangawizi akaomba aongezewe. Halafu akauliza: ufunguo wa kabati atakaa nao nani?

Nikajibu kifua mbele, "Mke wangu. Funguo zote za nyumba hii anazo yeye."

Kalamu ikasimama hewani.

Kwetu hilo ni jibu la mume mwenye heshima zake. Zuhura wangu, mtu wa Wete, Pemba, ana kitita cha funguo kinacholia akitembea, utadhani kengele za shule. Wa stoo, wa makabati ya vyombo, wa sanduku langu la melini, zote ziko kwake tangu tulipooana, na sijawahi kuona ubaya. Kumbe kwa yule dada nimetangaza kwamba mtu asiye na kibali ataishi na ufunguo wa silaha. Binti yangu Latifa, aliyekuwa ameng'ata kitambaa asicheke, akaniokoa kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa nacho. Baba anazungumzia kabati la mchele, akasema. Kalamu ikashuka.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu, nina ufunguo ambao Zuhura hajui ulipo. Sheria imesema. Lakini nikipishana naye kwenye ukumbi naona haya, najiona kama mtu aliyeweka mke mdogo mtaa wa mbali, Great Barr.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililomficha. La pili halikuwa la sheria. La pili lilikuwa macho yangu.

Niseme polepole, maana hili sijawahi kuliandika.

Kwa majuma kadhaa sasa maandishi ya simu yamekuwa yakinikimbia. Nanyoosha mkono, yanasogea, naurudisha, yanayeyuka. Jioni taa za barabarani zimeanza kuota manyoya. Watu wa umri wangu wote wananyoosha mikono, najua, na mtu mwingine angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya baba.

Baba alikaa barazani mchana kweupe, akauliza nani amewasha moto uani. Hakukuwa na moto. Tukamtania. Kesho yake akauliza tena, kwa hasira kidogo, kwa nini tunachoma majani wakati yeye anakunywa kahawa. Ule moshi haukutoka tena machoni mwake mpaka tulipomzika. Na umri aliokuwa nao siku ile ndio ninao mimi sasa.

Mimi naendesha basi dogo. Kila asubuhi naokota watoto ambao hawawezi kwenda shule wenyewe, viti vyao vya magurudumu navifunga kwa mikono hii, mmoja baada ya mwingine. Yupo mmoja haongei kabisa. Nikimwimbia chochote, hata bei ya vitunguu, anacheka mpaka mabega yanaruka. Macho yakienda, basi linakwenda. Basi likienda, nitaimbia nani bei ya vitunguu?

Kule kinyozini nimewaambia nimenunua bunduki kwa sababu ni mchezo wa mabwana, na mimi ni bwana. Hapa naandika ukweli. Klabuni niliingia kwa ajili ya mchezo kweli, lakini bunduki yangu mwenyewe nimeinunua kwa sababu nilimwogopa mpima macho. Yule ana kiti na mashine, na akishasema amesema. Nikaona karatasi ya shabaha itanihukumu kwa upole zaidi. Nikiipiga, naona. Nisipoipiga, nitasingizia upepo.

Basi ikafika jana jioni.

Zuhura hakiachi kitu kipya kitoke nyumbani bila kukifukiza. Gauni, begi la shule, lile gari letu bovu, vyote vimepita kwenye moshi wake. Akasema na hiyo bunduki haitoki. Nikamweleza sheria. Akasema sheria haikukataza harufu. Basi nikafungua kabati mimi mwenyewe, yeye kageukia ukuta kwa utiifu kama anacheza kombolela, nikaitoa ikiwa tupu, tumbo wazi, magazini ya risasi nimeiacha ndani ya kabati. Mikononi mwangu ilibaki mwanzo hadi mwisho. Yeye akaleta chetezo, makaa mekundu, akatupia udi ule wa sukari anaoletewa na shangazi yake, mzito, unaoshika nguo mpaka ufuliwe mara mbili. Chumba kikawa cha buluu. Nikaipitisha bunduki taratibu juu ya moshi, kitako, mtutu, kamba.

"Na hicho kioo," akasema.

"Darubini?"

"Hapo unapoweka jicho. Sogeza. Bado. Hapo hasa."

Nikasogeza. Akapepea kwa kipepeo muda mrefu, midomo inacheza kwa dua, na moshi ukawa unaingia kwenye ile darubini kama unarudi kwao. Nilidhani ananitania. Latifa akapita mlangoni, akatuona, akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ni bunduki, si bibi harusi, akaenda zake.

Leo asubuhi nikaondoka na bunduki imefungiwa kwenye buti, na kikapu cha kachori kiti cha mbele, kwa sababu Zuhura hakubali mtu aende kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe wamelala chini na silaha. Nikakatiza mitaa ya Sutton Coldfield. Yale majumba makubwa yalikuwa yamezama kwenye ukungu, yanaonekana mapaa tu, kama meli zimetia nanga zikingoja gati. Niliendesha polepole. Nilijihisi naota, na ndoto yenyewe ilikuwa nzuri, sikutaka mtu aniamshe.

Uwanja wa shabaha ni sehemu tulivu kuliko msikiti siku ya Jumatatu. Kuna paa refu, mikeka chini yake, halafu nyasi, halafu ukuta wa udongo mrefu unaomeza risasi. Anayetuamuru ni mama mmoja mwembamba, Jean, mstaafu, sauti yake ndogo lakini hata majenerali wangelala chini akiwaamuru. Asiposema, hupakii. Akisema acha, unaacha, unatoa magazini, unachomeka kijibendera cha plastiki kwenye chemba ya risasi kuonyesha kwamba bunduki ni tupu, na hakuna anayeigusa tena watu wakiwa mbele.

Mkeka wa jirani yangu ni wa Mzee Gurdev. Kalasinga wa Kisumu, aliyekuja nchi hii kijana na kilemba, sasa ana wajukuu na magoti mabovu. Siku ya kwanza aliponisikia nimejikwaa nikataja mama wa mtu kwa Kiswahili, alikuja kunikumbatia.

"Kapteni," aliniambia leo, "hiyo ndio bibi mpya? Karibu sana. Wacha nione kama utaaibisha Afrika Mashariki."

Tukalala. Vizibo masikioni. Dunia ikarudi nyuma, nikabaki mimi na pumzi yangu, naisikia inakwenda na kurudi kama mtu anafagia chumba cha pili. Mimi ni mtu wa maneno. Nimeongea katika bandari zote, nimeongea usingizini, Zuhura anasema nitaongea kwenye sanda. Lakini pale chini, shavu limekaa kwenye kitako, maneno yaliniisha. Na sikuyatafuta.

Nikaweka jicho kwenye darubini. Ukungu mtupu. Katikati yake kivuli cheusi, duara, kinaelea.

Ukungu wa asubuhi, nikajiambia. Jean akatoa amri. Nikavuta.

Pa. Sauti ndogo, kama mtu amegonga meza kwa kidole. Ganda la shaba likaruka pembeni likang'aa, likadondoka mkekani, na bunduki ikawa tayari tena, inaningoja. Pa. Hakuna mshindo wa bega, hakuna moto. Pa. Nilikuwa kama nimepanda kitu kinachojua njia chenyewe.

Tulipoenda kutazama karatasi, yangu ilikuwa na tundu moja pembeni, upande ambao hata haukuandikwa namba. Mzee Gurdev alisimama mbele ya karatasi yake, anahesabu, anahesabu tena.

"Asante kwa zawadi, bwana," akasema. "Lakini risasi zangu zinanitosha."

Nilicheka zaidi ya wote. Nikagawa kachori. Nikasema ni ukungu huu, kule Rotterdam ulikuwa hivihivi.

Halafu jua likatoka.

Lilitoka lote, ghafla, majani yakawaka, mpaka Jean akavua kofia. Nikaona ukuta wa udongo kwa macho matupu, kahawia safi, na nyasi moja moja. Tukalala tena. Nikaweka jicho.

Moshi.

Nikafumba, nikafumbua. Moshi ule ule, mweupe, unaogeuka manjano pembeni, na duara jeusi linaelea ndani yake kama nzi kwenye kikombe cha maziwa. Nani amewasha moto uani? Nilimsikia baba kabisa, na ile hasira yake ndogo. Amri ilitoka, kulia na kushoto wenzangu wakapiga, pa, pa, na mimi nikalala na kidole nje ya kifyatulio. Niliwaza basi. Niliwaza yule mtoto na mabega yake. Niliwaza Zuhura atakuwa ananishika mkono kuvuka barabara, na mimi najifanya nimemshika yeye.

Wakati Jean aliposimamisha, nilichomeka kijibendera, nikakaa. Mzee Gurdev akaniuliza mbona sikupiga. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nina mizaha ya kila hali. Ukakataa kutoka.

"Mzee," nikasema, "sioni."

Hakuna mtu duniani niliyekuwa nimemwambia neno hilo.

Hakunicheka. Aliomba ruhusa kwa Jean, akajishusha na magoti yake yale mpaka mkekani kwangu, nami nimesimama kando yake, akaweka jicho kwenye darubini. Akafumba jicho hilo, akajaribu la pili. Nikajua anatafuta namna ya kuniambia.

"Hata mimi sioni," akasema.

Halafu pua yake ikaanza kufanya kazi. Akanusa darubini, akanusa kitako, akainuka taratibu akanitazama kama amenifumania.

"Wewe! Hii kitu ulienda nayo harusi ya nani?"

Udi. Udi wa sukari, mzito, unaoshika nguo mpaka ufuliwe mara mbili. Na nilikuwa nimesogeza kioo mwenyewe, hapo hasa, mpaka ukaganda.

Mzee Gurdev akatoa kitambaa laini cha kufutia miwani yake, akapulizia pumzi kwenye kioo, akafuta mbele na nyuma, kwa mizunguko midogo. Kitambaa kikatoka rangi ya chai. Akamwonyesha Jean, akamweleza, na mama yule wa amri alicheka hadi akashika nguzo ya paa.

Nikalala. Nikaweka jicho.

Nisiseme uongo, mimi niliyetembea dunia: sijaona kitu kizuri kama karatasi ile. Niliona duara. Niliona namba. Niliona kona moja iliyochanika kidogo inavyotetemeka na upepo. Na juu ya kigingi kilichoshika karatasi alikuwa ametua ndege mdogo, kifua chekundu, ananyoosha mabawa katika jua kana kwamba uwanja ni wake. Jean alimwona pia. Hakutoa amri. Tulilala pale, sote, wake kwa waume, vidole mbali, tunamngoja ndege amalize shughuli zake. Nadhani hata peponi watu watakuwa wanangoja hivyo, bila haraka. Machozi yalinitoka. Nikamwambia Mzee Gurdev ni udi.

Ndege akaruka. Nikapiga taratibu, pumzi moja, risasi moja.

Tatu ziliingia kwenye jeusi. Kule kinyozini nitasema zote. Wewe shajara nakuambia tatu.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nilitaka kuipiga picha karatasi yangu, nikawa nanyoosha mkono, narudisha, nanyoosha, natafuta kitufe. Mzee Gurdev alikuwa ananitazama.

"Darubini imepona, Kapteni," akasema. "Na wewe? Enda upimwe. Mimi nilienda, nikapewa miwani, nikafika nyumbani nikaona mama watoto amezeeka. Lakini sikurudisha miwani."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo kwenye kiti cha mbele, mahali pa kikapu.

Bunduki nimeisafisha, nimeifungia. Zuhura alikuwa jikoni anakaanga samaki, changu, kitita cha funguo kinalia kiunoni. Akauliza bila kugeuka, udi ulisaidia? Nikakaa kwenye kiti cha kukunja, nikamweleza yote. Simu, taa zenye manyoya, baba na moto wake wa uani, moshi wa leo. Nilimweleza na sikutia chumvi hata mahali palipoomba chumvi.

Akazima jiko.

"Tangu lini unaniachia mimi nikutolee miba?" akasema.

Sikuelewa.

"Samaki, baba Latifa. Mwanamume aliyejisifu kwangu tangu posa kwamba anatoa miba kwa ulimi, gizani, meli inayumba. Sasa majuma yote haya unanisogezea sahani, eti unapenda mkono wangu. Na meseji za kaka yako nikusomee mimi, eti Kiswahili chake kibaya. Mimi mjinga?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Ulipoleta hiyo bunduki, nikasema haya, jicho lake litakaa pale kwenye kioo. Basi nitaombea pale."

Hapo hasa. Sogeza. Bado.

Nikamwambia tu kwamba dua yake ndiyo iliyonifanya nikose kuona chochote. Akanitazama, akaelewa, akaanza kucheka, akacheka akainamia sinki, mpaka Latifa akashuka kuuliza nini, akaelezwa, akacheka naye, kwa Kiswahili kabisa, akisema, "Mama, umempofusha!" Sijui neno hilo kalitoa wapi. Nimefurahi analo.

Jumatatu, nikishawafikisha watoto wangu shule, naenda kupimwa. Zuhura anakwenda nami. Amesema atakaa pale pale kando ya kiti, na huyo mpima macho akiwa na la kusema alisemee mbele yake. Naogopa bado. Nikifumba macho namwona baba barazani na kikombe chake. Lakini leo hii nimekula changu mzima nikiwa na mikono ya mtu mwingine kwenye sahani yangu, wala sikusingizia eti napenda mkono wake tu.

Nilikuwa na mambo mawili niliyomficha Zuhura. Sasa limebaki moja, na hilo ni la serikali.